Ubao wa Imam Ghazali



Mtihani wa fiqhi ya janaza niliufaulu vizuri. Nilijua nani mwenye haki zaidi ya kumwosha maiti, kuosha kunaanzia upande gani, sanda ya mwanamume ni vitambaa vingapi na ya mwanamke ni vingapi. Miezi michache baadaye babu yangu alifariki nyumbani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, baada ya swala ya isha, na wazee wakakubaliana azikwe kesho yake asubuhi. Baba mdogo akaniita akaniambia kuwa msomi wa dini katika nyumba ile ni mimi, kwa hiyo nikae na babu chumbani mpaka alfajiri, kisha nisaidie kuosha.

Nilifika mlangoni tu. Babu kalazwa, kafunikwa shuka nyeupe, taa inawaka. Ni yeye aliyekuwa akinishika mkono kunipeleka madrasa nikiwa mtoto. Nilijua kwa yakini kwamba maiti hana analoweza kunifanya. Lakini nilipoitazama ile shuka niliiona inapanda na kushuka kifuani. Nikatazama tena, imetulia. Nikatazama mara ya tatu, ikapanda. Nikatoka uani nikasema kichwa kinaniuma, na mdogo wangu, fundi baiskeli aliyeacha madrasa kwenye juzuu ya pili, akaingia akakaa na babu mpaka adhana. Yeye hajui sharti hata moja la kuosha maiti.

Nilirudi chuoni na aibu ambayo sikumwambia mtu. Muhula ule tulikuwa tunasoma sehemu za Ihyaa Ulumid-Din, na katika kitabu cha tawakkul nikamkuta mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita akinisimulia mimi mwenyewe. Imam Ghazali anaeleza pale kwamba mtu anaweza kuwa na yakini kamili kuwa maiti ni kitu kisicho na uhai kama vitu vingine, na kwamba si ada ya Allah kumfufua usiku huu, na bado akashindwa kulala naye chumba kimoja. Anasema huo ni udhaifu wa moyo, na kwamba ni watu wachache waliosalimika nao. Yaani kujua ni jambo moja, na moyo kutulia ni jambo jingine. Nilipoisoma sehemu hiyo nilitaka kujua yeye aliyajuaje haya. Nikayasoma maisha yake, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Abu Hamid Muhammad al-Ghazali alizaliwa mwaka 450 wa Hijria, sawa na 1058, katika mji wa Tabaran huko Tus, nchi ya Khurasan. Leo ni Iran, karibu na Mashhad. Inasimuliwa kwamba baba yake alikuwa fukara anayesokota sufi na kuiuza, mtu aliyependa kukaa na wanazuoni bila yeye mwenyewe kuwa na elimu. Alipokaribia kufa aliwaacha wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake Sufi pamoja na akiba kidogo. Akiba ikaisha. Yule rafiki akawaambia watoto ukweli, kwamba naye hana kitu, na kwamba bora waingie madrasa ambako mwanafunzi anapata chakula. Baadaye Ghazali alikiri kwamba walianza kuitafuta elimu si kwa ajili ya Allah, ila elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwingine asiyekuwa Allah. Sisi tunaosoma kwa msaada wa wafadhili na kuhesabu siku za posho tusimcheke.

Akiwa kijana alisafiri mpaka Jurjan kusoma, na huko aliandika masomo yake yote katika madaftari. Njiani kurudi msafara ukavamiwa na majambazi, wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata. Mkubwa wao akamwonya arudi, la sivyo atakufa, naye akamwomba amrudishie zile karatasi tu, kwa kuwa ndizo elimu yake na wao hazina faida kwao. Jambazi akacheka. Akamuuliza atadaije kuwa ana elimu, ikiwa wakizichukua karatasi zake anabaki hana elimu. Kisha akaamuru arudishiwe. Ghazali alilichukua neno la yule mwizi kuwa limetoka kwa Mola wake, akakaa Tus miaka mitatu akihifadhi kila alichoandika, ili hata akiibiwa tena asiibiwe elimu.

Nimekipenda kisa hiki kwa muda mrefu, lakini siku hizi nakisoma kwa namna nyingine. Yule kijana aliyahamisha madaftari kutoka kwenye mfuko hadi kichwani. Hapo kichwani hakuna jambazi anayeyafikia, ni kweli. Ila safari haikuwa imeisha, maana kutoka kichwani hadi moyoni kuna masafa mengine, na hayo yalimchukua zaidi ya miaka kumi.

Alikwenda Nishapur kwa Imam al-Haramayn al-Juwayni, akawa mwanafunzi wake mashuhuri mpaka shekhe alipofariki mwaka 1085. Kisha akaingia katika kambi ya waziri mkuu wa Maseljuki, Nizam al-Mulk, ambako wanazuoni walikuwa wakijadiliana mbele ya wakubwa, na akawashinda. Mwaka 1091 waziri akamteua kufundisha Nizamiyya ya Baghdad, madrasa kubwa kuliko zote za zama zile. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Walikuwa wakihudhuria darsa lake wanafunzi mia tatu. Inasimuliwa kwamba siku aliyoingia Baghdad mavazi na mnyama aliyempanda vilikadiriwa kuwa na thamani ya dinari 500.

Kuna jambo alilisimulia mwenyewe katika al-Munqidh min adh-Dhalal ambalo halionekani kwa nje katika mafanikio haya. Kuna wakati aliingiwa na shaka juu ya kila anachokijua. Alianza na macho. Unaitazama kivuli, unaona kimesimama. Baada ya saa moja unagundua kwamba kilikuwa kinatembea muda wote, kidogo kidogo. Unaitazama nyota, unaiona ndogo kama dinari. Kisha hesabu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi jicho, ambalo ndilo tunaloliamini kuliko viungo vyote, linasema uongo na akili inalikosoa. Na je, kama juu ya akili kuna hakimu mwingine ambaye hatujamwona, atakayekuja kuikosoa akili kama akili ilivyolikosoa jicho? Si ndotoni tunaamini mambo na kuyaona imara, kisha tukaamka? Alikaa karibu miezi miwili katika ugonjwa huo bila kumwonyesha mtu. Hakupona kwa hoja, kwa sababu hoja hujengwa kwa yale yale aliyokuwa ameyatilia shaka. Anasema alipona kwa nuru ambayo Allah aliitia kifuani mwake.

Mwaka 1092 Nizam al-Mulk aliuawa kwa kisu, na mwezi uliofuata Sultani Malik Shah naye akafa. Wakubwa waliogopa visu vya Mabatini, na Ghazali alikuwa ameandika vitabu vya kuwapinga. Wako watafiti wa Magharibi waliosema kwamba hiyo ndiyo hofu iliyomkimbiza Baghdad. Mimi sioni hivyo. Mtu anayekimbia kisu haendi kukaa peke yake misikitini miaka kumi bila mlinzi. Hofu yake ilikuwa nyingine, na yeye mwenyewe alikwisha kuiandika bila kujua kuwa anajiandikia.

Katika mwezi wa Muharram 488, yaani Januari 1095, alimaliza Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwarudi wanafalsafa. Ndani yake anaeleza wanavyosema kuhusu nguvu ya nafsi juu ya mwili, na hapo anataja ubao. Ubao ukilazwa chini, kila mtu atatembea juu yake bila shida. Ubao huo huo, kwa upana ule ule, ukiwekwa juu kati ya kuta mbili na chini pakawa wazi, mtu atajiona anaanguka kabla hajaanguka, mwili utaitii ile picha, na ataanguka kweli. Ubao haukupungua hata kidole. Kilichobadilika ni kile alichokiona ndani. Ghazali hakulipinga hili. Alilikubali, akawapinga katika mengine.

Nguvu inayotengeneza picha hizi wanazuoni waliiita wahm. Ndiyo inayomfanya kondoo aone uadui kwa mbwa mwitu, ingawa uadui hauna rangi wala umbo la kuonekana kwa jicho. Kwa hiyo si adui, ni neema. Bila hiyo kondoo angeliwa siku ya kwanza. Ila haijui kupambanua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wanasema wazee wetu, na Ghazali ana mfano huo huo, wa mtu aliyeumwa anayeikimbia kamba yenye madoadoa. Akili inajua ni kamba. Miguu haijui.

Sasa hesabuni miezi. Kitabu chenye ubao kiliisha Muharram. Rajab ya mwaka ule ule, Julai 1095, mwandishi wake alikuwa juu ya ubao na hawezi kupiga hatua.

Alikuwa ameitazama hali yake na kuona kwamba bora ya kazi zake, yaani kufundisha, haikuwa kwa ajili ya Allah. Ilikuwa kwa ajili ya jina. Alijiona amesimama kwenye ukingo wa shimo unaobomoka, na chini ni moto. Dawa aliijua: kuacha cheo, mali na Baghdad. Aliijua kwa yakini kama alivyojua kwamba kumi ni zaidi ya tatu. Lakini asubuhi akiazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Anatanguliza mguu mmoja na kuurudisha mwingine. Shetani alimwonyesha picha: hali hii itapita upesi, ukiikubali utaacha cheo kilichonyooka kisicho na mpinzani, kisha nafsi itakitamani tena na hutakipata. Tazameni, hapa hakuna kisu wala jambazi. Kuna mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri, anajiona kesho hana kiti, na mwili unaitii ile picha.

Miezi karibu sita alikuwa hivyo. Kisha Allah akaufunga ulimi wake. Alijilazimisha kufundisha walau siku moja ili kuzituliza nyoyo za waliomjia, lakini neno halikutoka. Huzuni ikamshukia moyoni mpaka hawezi kumeza mchuzi wala kusaga tonge tumboni. Waganga wakakata tamaa. Wakasema jambo hili limetoka moyoni likaenea mwilini, na halina dawa ila siri ile ipumzike. Imamu wa Baghdad, bingwa wa mijadala, bubu mbele ya wanafunzi mia tatu.

Alipokosa hila yoyote aliomba kama anavyoomba aliyeshikwa, na anasema kuyaacha yale kukawa kwepesi moyoni mwake. Akatangaza kwamba anakwenda Makka, kumbe nia yake ni Sham, kwa kuchelea Khalifa na marafiki wasimzuie. Akagawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto. Dhulqaada 488 akatoka. Nafasi ya kufundisha ikashikwa na mdogo wake, Ahmad. Nilipofika hapa nilitabasamu, maana na mimi nafasi yangu ilishikwa na mdogo wangu, ila kwangu si kwa sababu nzuri.

Damascus alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Bani Umayya na kujifungia mlango mchana kutwa. Kisha akaenda Baytul Maqdis, akiingia Qubbatus-Sakhra kila siku na kujifungia, na hiyo ilikuwa kabla ya mji ule kutekwa na Wafaranji mwaka 1099. Kwenye kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) huko al-Khalil akaweka ahadi ya mambo matatu: hatapokea mali ya sultani, hatakwenda kwa sultani, hatabishana na mtu mbele za watu. Ukiyatazama vizuri utaona ni mambo yale yale matatu aliyokuwa akiogopa kuyakosa. Akahiji. Akapita Baghdad, na inasimuliwa kwamba safari hii alivyovaa na alichopanda vilikadiriwa kuwa kirati 15. Mwisho wito wa watoto ukamvuta nyumbani Tus.

Katika miaka hiyo aliandika Ihyaa, vitabu arobaini katika robo nne. Wengi wetu tunavijua kwa juu kwa sababu masharifu wa Hadhramaut, ambao walikisoma na kukisomesha kizazi baada ya kizazi, walikuwa na wanafunzi wao pwani yetu, na kutoka pwani dini yetu ikapanda mpaka kwenye maziwa. Katika kitabu cha hofu na matumaini anaieleza hofu kuwa ni maumivu na kuungua kwa moyo kwa sababu ya kutarajia jambo linalochukiwa katika wakati ujao. Nimelitafakari sana hili la wakati ujao. Babu yangu alikuwa amelala pale, sasa. Mimi nilikuwa naungua kwa kitu ambacho hakijatokea, wala hakikuwa kinakuja.

Lakini asije mtu akadhani kwamba Ghazali alitaka tuing'oe hofu. Anaiita mjeledi ambao Allah anawaongozea waja wake kwenye elimu na amali. Ikipungua mno haimtii mtu uzito, ni kama machozi ya anayesikia aya kisha akatoka akasahau. Ikizidi mno inamvunja, anakata tamaa, na hiyo ni lawama. Na anatoa mfano wa mtoto na nyoka. Mtoto peke yake humnyooshea nyoka mkono ili amchezee. Akiwa na baba yake, akaona baba anatetemeka na kukimbia, naye hutetemeka na kukimbia, na bado hajui nyoka ni nini. Hofu nyingi tulizonazo ni za kurithi namna hiyo. Mimi najua zangu zilitoka wapi: hadithi za uani, tukiwa watoto, umeme umekatika, za maiti aliyefumbua macho. Waliotusimulia walikuwa wanacheka. Sisi hatukucheka.

Dawa anaiandika katika kitabu cha kuizoeza nafsi, na haimo katika kusoma. Anataja mmoja wa watu wema aliyejiona mwoga na dhaifu wa moyo; akataka ushujaa, akawa anapanda chombo baharini wakati wa baridi, mawimbi yanapochafuka. Mwingine alimlipa mtu amtukane mbele za watu ili ajifunze kuvumilia. Kitendo kikirudiwa, moyo unapata picha nyingine badala ya ile ya kwanza. Nakiri kwamba nilikuwa nikitarajia kitu cha kina zaidi kutoka kwa Hujjatul-Islam. Nilitaka hoja. Lakini yeye hoja zote alikuwa nazo mwezi wa Muharram, na Rajab hazikumsaidia.

Mwaka 499 wa Hijria, sawa na 1106, mtihani ulimjia kwa kinyume. Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nizam al-Mulk, alimtaka arudi kufundisha Nizamiyya ya Nishapur. Sasa kiti ndicho kilichokuwa ubao, na chumba cha upweke ndiyo ardhi salama. Alijihesabu tena, akaona kwamba haifai kinachomweka faraghani kiwe uvivu, starehe na kuilinda nafsi na maudhi ya watu. Akatoka, Dhulqaada, mwezi ule ule alioiacha Baghdad miaka kumi na moja nyuma. Alieleza kwamba kwa nje amerudi kwenye kufundisha, lakini yeye haoni kuwa amerudi, kwa kuwa zamani alifundisha elimu ya kupata cheo na sasa anafundisha elimu ya kukiacha. Abd al-Ghafir al-Farisi, aliyemjua kabla na baada, aliandika kwamba zamani Ghazali alikuwa na kiburi cha kuwadharau watu kwa ufasaha wake. Alipomwona baada ya safari alidhani anajifanya, akamchunguza mara nyingi, akakuta ni kweli.

Hakukaa Nishapur muda mrefu. Alirudi Tus, na jirani na nyumba yake akawa na madrasa kwa wanafunzi na zawiya kwa Masufi, akigawa wakati wake kati ya Qur'ani, darsa na kukaa na watu wa moyo.

Siku ya Jumatatu, 14 Jumadal-Akhira 505, Desemba 1111, alitawadha alfajiri akaswali. Ahmad ndiye aliyesimulia. Abu Hamid aliomba aletewe sanda yake. Akaipokea, akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akatamka utiifu wa kuingia kwa Mfalme. Kisha akanyoosha miguu, akaelekea kibla, na kabla mchana haujang'aa alikuwa amekufa. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na tano kwa hesabu ya Hijria. Alizikwa Tabaran, alikozaliwa.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Shaabani, alifariki mzee mmoja jirani yetu ambaye hana watoto wa kiume. Sikungoja kuitwa. Nilimwomba mdogo wangu anisindikize mpaka mlangoni, kisha nikamwambia arudi. Shuka ilipanda. Nikakaa kwenye mkeka nikaanza Yasin, sauti ikitetemeka, nikaitazama, ikapanda tena. Nilipofika katikati ya sura nilisahau kuitazama. Alfajiri imamu alipoingia na wazee wawili, mimi ndiye niliyeshika kopo la maji. Mkono ulitetemeka, maji mengine yakamwagika sakafuni, na imamu akanionyesha kwa kidole tuanzie kulia.